Nimeona programu ikituma majina ya simu yangu. Niandike nini bila kushtakiwa?

Ndugu Mshauri,

Salaam. Kwenye simu yangu nina programu ya kuandikia matumizi ya kila siku. Hivi karibuni iliomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina ya simu, eti "ili uweze kumwalika rafiki", nikaikubalia. Baadaye niliunganisha simu na mitmproxy, chombo kinachoonyesha mawasiliano ya simu na mtandao, nione programu inaongea na nani. Sekunde chache baada ya kuifungua, majina yote 214 pamoja na namba zake yalitoka kwenda kwenye seva ya kampuni. Sera yao ya faragha inasema majina hayo hayatoki kwenye simu. Nikaipima pia kwa Exodus Privacy, chombo cha kuchunguza programu, ikaonyesha vifuatiliaji saba, yaani vipande vya msimbo vya kufuatilia mtumiaji.

Niliandika mistari mitatu mtandaoni, nikataja jina la kampuni na kuwaita "wezi wa data". Siku mbili baadaye huduma kwa wateja wakanitumia ujumbe: futa ndani ya saa 48 au utasikia kutoka kwa wanasheria wetu. Sijafuta. Tena nina makala ndefu iliyo tayari, na sentensi zake kuu ni hizi nne:

"Kampuni hii inaiba namba za simu na kuziuza kwa wafanyabiashara wa matangazo."
"Vifuatiliaji saba vinatuma kila unachokifanya."
"Data zako zimehifadhiwa nje ya nchi kinyume cha sheria."
"Mkuu wao wa teknolojia anajua yote haya na anayaficha."

Nifute? Nichapishe? Nikianza na "kwa maoni yangu", nitakuwa salama?

Msomaji mwenye ushahidi

*

Ndugu msomaji,

Usichapishe makala hiyo ilivyo, na usifute chochote kabla ya kuhifadhi nakala. Kinachotusikitisha ni kwamba ushahidi wako ni mzito kuliko makala yako. Kampuni imeahidi kwa maandishi kuwa majina hayatoki kwenye simu, nawe umeyaona yakitoka. Hiyo ni habari iliyokamilika, na ni ngumu kuikanusha. Ila sentensi zako nne zinaipita mbio na kwenda kwenye wizi, mauzo na njama, mambo ambayo chombo ulichotumia hakina macho ya kuyaona. Kesi za kashfa huzaliwa kwenye pengo hilo, kati ya kilichoonekana na kilichosemwa.

Sheria za kashfa hutofautiana nchi kwa nchi, lakini umbo lake linafanana: maneno yanayomshushia mtu au kampuni heshima, yanayomtambulisha, na yaliyomfikia mtu wa tatu. Kinachobadilika sana ni nani anabeba mzigo wa ushahidi. Katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, kwa kawaida mlalamikaji halazimiki kuthibitisha kwamba ulisema uongo. Wewe ndiye unayetakiwa kuthibitisha kwamba ulisema kweli. Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1986 katika kesi ya Philadelphia Newspapers dhidi ya Hepps, anayelishtaki gazeti kwa jambo lenye maslahi ya umma ndiye anayepaswa kuonyesha kuwa habari ni ya uongo. Chapisho la mtandaoni husomwa kote, kwa hiyo andika kama mtu ambaye mzigo ni wake.

Kuna kesi moja ambayo kila anayeikosoa kampuni hadharani inafaa aijue. Mwaka 1990 McDonald's iliwashtaki wanaharakati wa London kwa sababu ya kijikaratasi. Wawili kati yao, Helen Steel na David Morris, walikataa kuomba radhi, wakajitetea bila msaada wa kisheria wa serikali katika kesi iliyokaa siku 313 mahakamani. Hukumu ya mwaka 1997 ilikubali kwamba baadhi ya madai yao yalikuwa ya kweli, likiwemo la mishahara midogo na la kuwatumia watoto katika matangazo. Hata hivyo waliamriwa kulipa fidia ya pauni 60,000, iliyopunguzwa hadi 40,000 kwenye rufaa, kwa yale waliyoshindwa kuyathibitisha. Mwaka 2005 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba Uingereza ilivunja haki zao, lakini hiyo ilikuwa miaka 15 baada ya kushtakiwa. Ukweli wa sentensi moja haukuiokoa sentensi ya jirani. Ndiyo maana tunazipitia zako moja moja.

Tuanze na "inaiba na kuziuza", maana ndiyo ya hatari zaidi. Neno "kuiba" linadai kosa la jinai, na wewe mwenyewe ulibonyeza kukubali ruhusa. Wakili wao ataanzia hapo. Ulicho nacho ni kwamba ruhusa iliombwa kwa sababu moja na ikatumika kwa jambo ambalo sera inasema halifanyiki. "Kuuza" kuna tatizo jingine: kunahitaji mnunuzi na malipo, na mitmproxy hukuonyesha kinachotoka kwenye simu hadi mlangoni pa seva ya kwanza, basi. Kinachotendeka nyuma ya seva hukukiona. Tazama jinsi jambo la namna hii lilivyoshughulikiwa na watu waliojipanga. Februari 2019 gazeti la Wall Street Journal liliripoti kwamba programu kadhaa, ikiwemo Flo ya kufuatilia hedhi, zilikuwa zikipeleka taarifa nyeti kwa Facebook, na msingi wa habari ile ulikuwa vipimo vya mawasiliano ya programu zenyewe. Januari 2021 FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, ilitangaza makubaliano na Flo, ikiwa imeilalamikia kwa kuzigawa taarifa za afya za watumiaji kwa makampuni ya nje baada ya kuahidi kuzitunza. Lalamiko lilisimama juu ya ahadi na kitendo kilichoipinga ahadi hiyo. Halikuhitaji neno wizi.

Sentensi yako iandike hivi: "Tarehe fulani, saa fulani, nikitumia toleo namba fulani la programu kwenye Android, niliona majina na namba 214 kutoka orodha ya simu yangu vikitumwa kwenye seva yenye anwani hii. Sera ya faragha ya siku hiyo ilisema majina hayatoki kwenye simu." Msomaji ataielewa bila kusukumwa. Ukiona haja ya kutoa hukumu yako, itoe baada ya hapo: "Naona huu ni uvunjaji wa ahadi, na nimeiondoa programu." Hayo ni maoni, na msingi wake msomaji anauona.

Ukitaka kweli kujua kama zinauzwa au kugawiwa, iulize kampuni kwa nguvu ya sheria. Chini ya GDPR, sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, kifungu cha 15, una haki ya kupewa nakala ya data zako na kuelezwa zimepelekwa kwa nani, na kampuni kwa kawaida ina mwezi mmoja wa kujibu. Januari 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mtu akiuliza, aambiwe wapokeaji kwa majina, si makundi tu kama "washirika wetu", isipokuwa kama haiwezekani kuwatambua au ombi ni la usumbufu wa wazi. Nchi nyingi nje ya Ulaya sasa zina sheria zenye haki ya kufikia data, kwa hiyo soma ya kwako utafute kifungu hicho. Jibu lenye majina ya wapokeaji ni kampuni yenyewe inayokiri kwa maandishi. Wakinyamaza, nalo ni jambo la kweli unaloweza kuliripoti pamoja na tarehe uliyoomba.

Sentensi ya vifuatiliaji saba ina kosa ambalo hata wajuzi hulifanya. Exodus Privacy huchunguza faili la programu bila kuiendesha, ikitafuta alama za msimbo unaojulikana. Inachokuambia ni kwamba msimbo wa kifuatiliaji umo ndani. Kama umewashwa, kama unatuma, na unatuma nini, hilo haikuambii. Inawezekana kabisa msimbo ukawepo bila kutumika. Kwa hiyo "Exodus imekuta msimbo wa vifuatiliaji saba katika toleo hili" ni kweli, na "vinatuma kila unachokifanya" hujaithibitisha hata kwa kimoja. Rudi kwenye rekodi ya mitmproxy, hesabu ni anwani ngapi za vifuatiliaji zilizopokea kitu, fungua kila ombi uone limebeba nini, kisha andika hesabu hiyo. Ikitoka vitatu kati ya saba, andika vitatu.

Papo hapo kuna mitego mingine miwili. Wa kwanza ni cheti, yaani faili la utambulisho linaloiwezesha mitmproxy kusoma mawasiliano yaliyofungwa. Tangu Android 7, programu kwa kawaida haziamini cheti ulichokiweka mwenyewe kwenye simu. Basi msomaji mjuzi atauliza mara moja: uliwezaje kuona yaliyomo? Kama uliifungua APK, yaani faili la programu, ukabadilisha mipangilio na kuiunda upya, sema hivyo wazi, la sivyo kampuni itajibu kwamba ulichopima si programu yao. Mtego wa pili ni kuandika kwamba namba "zinatumwa wazi". Wewe umeziona wazi kwa sababu ulisimama katikati kwa cheti chako. Njiani huenda zilikuwa zimefungwa vizuri kwa TLS, ulinzi wa kawaida wa mawasiliano ya mtandaoni. Na kama namba zilikuwa zimegeuzwa kwa SHA-256, hesabu inayogeuza data kuwa msururu wa herufi na tarakimu uitwao hashi, kabla ya kutoka, taja hilo pia, kisha eleza kwamba namba za simu ni chache kiasi kwamba kompyuta inaweza kuzijaribu zote na kuzirudisha. Maelezo hayo yatakupa nguvu zaidi kuliko kuificha hatua hiyo.

"Nje ya nchi kinyume cha sheria" iondoe, au ianze upya. Bila shaka umeitafuta anwani ya IP kwenye ramani. Ramani hizo hukosea, na seva unayoifikia inaweza kuwa kituo cha karibu cha kupitishia tu huku ghala likiwa kwingine kabisa. Isitoshe, sheria nyingi za data huruhusu kupeleka nje kwa masharti, na masharti yale huyaoni kwenye simu. Ligeuze liwe swali kwa kampuni.

Ile ya mkuu wa teknolojia ifute kabisa. Huna namna ya kuona kilichomo kichwani mwake. Halafu mtu binafsi mara nyingi ana njia fupi ya kushtaki kuliko kampuni. Uingereza, tangu sheria ya kashfa ya mwaka 2013, kampuni ya biashara lazima ionyeshe hasara kubwa ya fedha, iliyotokea au inayoelekea kutokea. Australia, kampuni ya biashara yenye wafanyakazi kumi au zaidi kwa kawaida haiwezi kushtaki kwa kashfa kabisa. Lakini mkurugenzi aliyetajwa, hata kwa cheo tu kama cheo hicho kina mtu mmoja, hashikwi na masharti hayo ya kampuni. Unaifungulia kampuni dirisha wakati sheria imeifungia mlango.

Sasa "kwa maoni yangu". Hapana, haikulindi kwa kuwekwa mbele tu. Mahakama ya Juu ya Marekani ililisema hili mwaka 1990 katika kesi ya Milkovich dhidi ya Lorain Journal: sentensi inayobeba dai linaloweza kuthibitishwa haigeuki kuwa maoni kwa sababu ya utangulizi wake. Sheria ya Uingereza inataka maoni yaonekane ni maoni, msingi wake utajwe japo kwa ujumla, na mtu mwaminifu aweze kuwa na maoni hayo kutokana na ukweli uliokuwepo wakati ule. Alama ya kuuliza nayo haikuokoi. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Uingereza, katika kesi ya McAlpine dhidi ya Bercow, iliamua kwamba swali fupi kwenye Twitter lililouliza kwa nini jina la mtu linavuma, likifuatiwa na maneno ya kujifanya hujui kitu, lilikuwa tuhuma kamili. Kwa hiyo kichwa cha habari "Je, hawa wanauza namba zako?" kina uzito uleule wa "wanauza". Kichwa na picha ya kwanza vipime kwa ukali kuliko maandishi ya ndani, maana wengi huishia hapo. Na ukinukuu lalamiko la mtumiaji mwingine, umelisema wewe. "Nimeambiwa" si kinga.

Kabla ya kuandika tena, kirudie kipimo chenyewe. Majina yale 214 ni ya watu ambao hawakuombwa idhini, na picha moja ya skrini ukisahau kuificha utakuwa umefanya kilekile unacholalamikia. Chukua simu ya ziada, ifute yote, weka majina kumi ya kubuni yasiyofanana na ya mtu yeyote, mfano "Zuzupima Moja" hadi "Zuzupima Kumi", kwa namba ambazo hazijagawiwa mtu. Sakinisha programu kutoka dukani rasmi. Fungua mara ya kwanza ukiwa umekataa ruhusa, rekodi. Kisha toa ruhusa, rekodi. Rudia mara tatu, siku tofauti. Ukiikuta "Zuzupima Saba" ndani ya ombi linalotoka, hakuna atakayesema umesoma vibaya. Ficha sehemu za picha kwa kuzipaka rangi nzito, si kwa kuzifanya ukungu, maana ukungu wakati mwingine hufumbuliwa.

Kila safari hifadhi faili la mawasiliano lenyewe, APK uliyotumia pamoja na hashi yake ya SHA-256, namba ya toleo, aina ya simu, tarehe na saa pamoja na ukanda wa saa. Sera ya faragha ihifadhi kwenye Wayback Machine, hifadhi ya wazi ya kurasa za mtandao, siku hiyohiyo, na nakala ya PDF kwako. Sera hubadilishwa kimyakimya baada ya malalamiko, na usipokuwa na nakala ya siku ya kipimo, utabaki unabishana na ukurasa mpya.

Usivuke simu yako na akaunti yako. Ukiona kwamba kubadilisha tarakimu kwenye anwani ya ombi kunaweza kufungua data za mtumiaji mwingine, simama hapo, usijaribu. Hilo ni tundu la usalama. Huripotiwa kwa kampuni kwa siri na kupewa muda wa kuzibwa. Project Zero, kikosi cha Google kinachotafuta matundu ya usalama, kwa mfano, kimezoea siku 90. Kuingia kwenye data za wengine kunaweza kuwa kosa chini ya sheria za matumizi mabaya ya kompyuta, na hapo ukweli wa makala yako hautakusaidia kitu.

Kisha waandikie kampuni. Hatua hii watu huiruka wakidhani ni kumtahadharisha adui. Katika nchi nyingi, anayeandika jambo lenye maslahi ya umma hupimwa kwa uangalifu aliouonyesha, na kumpa mtuhumiwa nafasi ya kujibu ni sehemu kubwa ya uangalifu huo. Tuma barua pepe kwa anwani yao ya faragha na ya mawasiliano ya habari, uwape siku tano za kazi. Uliza kwa kifupi: toleo namba hii lilituma majina ya simu kwenye anwani hii tarehe hizi, je, mnakubali? Yanatumika kwa nini? Yanahifadhiwa wapi na kwa muda gani? Nani mwingine ameyapata? Sera inayosema hayatoki ina maana gani? Ambatisha picha moja. Wakijibu kwamba ilikuwa hitilafu na wameirekebisha, pima toleo jipya, kisha andika yote mawili. Jibu lao liweke ndani ya makala, juu kiasi, bila kulikata mahali panapobadilisha maana. Peleka pia lalamiko kwa mamlaka ya ulinzi wa data. Mamlaka ikitoa uamuzi wa wazi, kuuripoti kwa usahihi na haki hupewa kinga maalumu katika nchi nyingi.

Ule ujumbe wa saa 48 si notisi ya kisheria. Haukutaja neno gani ni la uongo, na huduma kwa wateja si wakili. Lakini usiujibu kwa hasira, maana jibu lolote linaweza kusomwa mahakamani. Inatosha kuandika: "Nimepokea ujumbe wenu. Tafadhali nielezeni ni maneno gani mnayoyaona si ya kweli, na ukweli ni upi." Barua ya wakili ikija, itataja maneno yanayolalamikiwa, maana yake kwa mujibu wao, wanachotaka na muda wa mwisho. Usikiri, usiombe radhi kwa woga, usiahidi kufuta, usiichapishe kabla ya ushauri. Andika tarehe uliyoipokea na umtafute wakili wa mambo ya habari kabla ya muda huo. Muulize mambo matatu: kama kwenu kashfa bado ni kosa la jinai, muda wa ukomo wa madai ni upi, kwani Uingereza ni mwaka mmoja, na kama kuna sheria dhidi ya kesi za kunyamazisha wakosoaji. Majimbo mengi ya Marekani yanazo, na Umoja wa Ulaya ulipitisha maelekezo yake mwaka 2024.

Limebaki chapisho lako fupi, na hilo usilisubirishe makala. Piga picha ya skrini ya chapisho pamoja na majibu yaliyo chini yake, hifadhi kiungo na tarehe. Kisha liondoe, na uweke mahali pake: "Chapisho langu la awali liliiita kampuni hii wezi wa data. Naliondoa neno hilo. Nilichokiona ni hiki," halafu ile sentensi ya tarehe, toleo, anwani ya seva na maneno ya sera.